Mnyama wa usiku na mwindaji wa usiku: ni nani anayemcha Allah gizani?

Vijana ninaowafundisha Maarifa ya Uislamu hapa Iringa wana swali moja ambalo hurudi kila mwaka tunapofika somo la vyakula vya halali na haramu. Swali lenyewe ni hili: dume la pongo au la tandala ambalo mchana halionekani na hutembea usiku tu, je, inafaa kulifuata usiku huohuo kwa tochi na kulipiga? Wengine huuliza kwa sababu ya udadisi. Wapo wanaouliza kwa sababu nyumbani kwao nyama hiyo huliwa, na wanataka kujua kama wanachokula ni riziki au ni moto.

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ndani yake kuna suala la fikihi, kuna suala la sheria ya nchi, na chini ya yote hayo kuna suala la maadili: je, kila ambacho mtu ana uwezo nacho, ana haki nacho? Na je, kitendo kinabadilika kikifanyika mahali ambapo hakuna anayeona? Sisi wa mijini tunaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya watu wa Pawaga, Idodi, Chunya na Mbarali. Nitaonyesha, in sha Allah, kwamba yanatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Mnyama aliyejifunza saa

Tuanze na mnyama mwenyewe. Nyanda za Juu Kusini zina wanyama wengi wa jamii hii. Pongo yupo kwenye misitu na vichaka vya Rungwe, Udzungwa na pembezoni mwa mashamba. Tandala yupo upande wa Ruaha, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 2008 ilipoongezewa eneo la Usangu, ikafikia zaidi ya kilometa za mraba 20,000. Ruaha ni moja ya sehemu chache ambako tandala mkubwa na tandala mdogo hukutana.

Dume la pongo likikomaa huwa na rangi ya kiza kuliko jike, na hutembea peke yake. Jike halina pembe. Tandala mkubwa dume ana pembe ndefu zilizojisokota, naye pia akikomaa hutumia muda mwingi mbali na majike, mpaka msimu wa kupandana. Wanyama hawa hawakuumbwa wakiwa na hofu ya mchana. Mahali wasikosumbuliwa, pongo huonekana akila majani asubuhi na jioni jua likiwa bado lipo. Mahali palipo na bunduki, mbwa na nyaya, hubadilika. Hulala kichakani mchana kutwa, na hutoka giza likishaingia. Dume lililofikia umri mkubwa katika mazingira hayo limefikia umri huo kwa sababu hiyohiyo: yale yaliyozoea kutoka mchana yalikwishaliwa zamani.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 76 kuhusu aina 62 za mamalia katika mabara sita. Matokeo yake ni kwamba wanyama waliokaribiana na shughuli za binadamu wamezidi kuhamishia maisha yao usiku. Mnyama aliyekuwa akigawa muda wake nusu kwa nusu kati ya mchana na usiku, akikaribiana na binadamu huusogeza mpaka kiasi cha asilimia 68 ikawa usiku.

Ndugu msomaji, tazama hapo. Katika Suratun Nabaa aya ya 10 na ya 11 Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ameujaalia usiku uwe kama vazi la kutusitiri na mchana uwe wa kutafuta maisha. Sisi binadamu tumeuchukua mchana wote. Mnyama ametuachia, akajisitiri kwa lile vazi la usiku. Na sasa swali letu ni kama tunaruhusiwa kumvua hilo nalo.

Jinsi kazi inavyofanyika

Mbinu za usiku zinajulikana. Ya kwanza ni kumulika. Mwindaji huvaa tochi kichwani au hushika kurunzi kali, na siku hizi hutumia hata taa ya pikipiki. Mnyama akimulikwa usoni husimama ameduwaa, macho yake yakirudisha mwanga kama vioo viwili. Hapo hupigwa kwa gobole, au hukimbiliwa na mbwa, au hupigwa rungu kabla hajapata fahamu zake. Mbinu ya pili ni nyaya zinazotegwa kwenye njia anazopita kutoka kichakani kwenda kwenye maji au shambani. Mtegaji hulala kwake, na asubuhi huenda kuangalia nini kimenasa.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, haikuyanyamazia mambo haya. Kuwinda chochote kunahitaji leseni. Juu ya leseni, kuwinda usiku, kutumia taa za kumduwaza mnyama, sumu, mashimo na nyaya, yote yamekatazwa pasipo ruhusa maalumu. Hivyo kwa upande wa serikali jibu ni fupi. Lakini kijana wa Kiislamu haridhiki na jibu la serikali peke yake, na ni haki yake. Anataka kujua dini inasema nini.

Uwindaji ni halali, na usiku si haramu kwa usiku wake

Lazima tuseme ukweli bila kuongeza wala kupunguza. Kuwinda kwa ajili ya chakula ni halali. Qur'an imelitaja hilo katika Suratul Maida, na aya ya 4 ya sura hiyo imefafanua hata kuwinda kwa wanyama waliofundishwa, kwa sharti la kulitaja jina la Allah. Masahaba waliwinda. Adiy bin Hatim (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) maswali mengi juu ya uwindaji, na majibu yake yamepokewa na Bukhari na Muslim. Wala hakuna aya inayosema kwamba jua likizama, mawindo yanakuwa haramu. Anayewaambia vijana kwamba kila nyama ya usiku ni mzoga amesema asichokijua.

Lakini tazama majibu aliyopewa Adiy. Aliambiwa kwamba ikiwa mbwa wake amechanganyika na mbwa wengine na mawindo yamekufa, asile, kwa kuwa yeye alilitaja jina la Allah kwa mbwa wake tu. Aliambiwa kwamba mnyama aliyepigwa kwa ubapa wa silaha akafa kwa kishindo, asimle. Aliambiwa kwamba akimkuta mnyama ametoweka siku moja au mbili na hana jeraha jingine ila la mshale wake, anaweza kumla. Lakini akimkuta amezama majini, asile, kwa sababu hajui kilichomuua ni maji au mshale.

Majibu yote hayo yana uti wa mgongo mmoja, nao ni yakini. Mwindaji wa Kiislamu anatakiwa ajue: amemlenga nini, amempiga kwa nini, na amekufa kwa nini. Pale anapopoteza yakini, mkono unarudi nyuma. Sasa tuipime kazi ya usiku kwa mizani hiyo.

Mnyama aliyekufa kwenye waya usiku wa manane, mtegaji akiwa amelala, amekufa kwa kunyongwa. Huyo ametajwa waziwazi katika aya ya 3 ya Suratul Maida miongoni mwa walioharamishwa. Aliyepigwa rungu mpaka akafa naye ametajwa hapohapo. Hapa hakuna khitilafu ya wanazuoni ya kujificha nyuma yake. Akikutwa bado hai akachinjwa kisheria, hilo ni jambo jingine. Lakini nani anayekuambia mlangoni kwako kwamba alikutwa hai?

Aliyepigwa risasi baada ya kumulikwa anahitaji mazingatio zaidi. Risasi hutoboa, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameikubali kama silaha ya kuwindia kwa sharti la kupiga bismillahi. Lakini jiulizeni: mwenye tochi anaona nini? Anaona macho mawili. Macho yanayong'aa hayana pembe, hayana umri, hayana jinsia. Hayamwambii kama ni dume zee la pongo au ni jike lenye mimba, kama ni paa au ni ndama wa jirani. Yapo masikitiko ya watu waliopigwa gizani wakidhaniwa ni wanyama. Na mnyama akijeruhiwa usiku bila kuanguka, nani atamfuata kichakani mpaka ampate? Ataachwa aende na risasi yake akafe kwa siku tatu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyopokewa na Muslim, amefundisha kwamba Allah ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na akaamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Kumwacha mnyama na jeraha gizani kuna wema gani?

Lipo na jambo la tatu ambalo wanafunzi wakilisikia hunyamaza. Fikihi imeturuhusu kumpiga mnyama wa porini popote mwilini kwa sababu moja: hatuna uwezo naye, ana nafasi ya kukimbia. Tukishampata mikononi, ruhusa hiyo inaondoka na inabaki kuchinja shingoni. Maana yake ni kwamba uwindaji umehalalishwa ukiwa na mbio ndani yake. Mnyama ana miguu, masikio na pua. Mtu ana silaha na akili. Mnyama aliyeduwazwa kwa taa hajashikwa, lakini pia hayuko huru. Sitoi fatwa hapa, kwani mimi ni mwalimu wa sekondari, si mufti. Ninasema tu kwamba anayempiga kiumbe aliyesimama amepofuka ameikaribia mipaka ya ile ruhusa, na mwenye kuchunga dini yake hujitenga na mipaka.

Mtihani wa mikono na mikuki

Sasa tuje kwenye kiini. Katika aya ya 94 ya Suratul Maida, Mwenyezi Mungu anawaambia walioamini kwamba atawajaribu kwa mawindo ambayo mikono yao na mikuki yao inayafikia, ili ajulikane ni nani anayemcha katika ghaibu. Wafasiri wanaeleza kwamba waumini walikuwa katika ihramu, na wanyama wakawakaribia mno, wadogo wa kushikwa kwa mkono na wakubwa wa kupigwa kwa mkuki. Siku nyingine wangewatafuta kutwa nzima wasiwaone. Siku ambayo imekatazwa, wakaja wenyewe.

Mtihani ulikuwa ni urahisi. Mwenyezi Mungu hakuwajaribu kwa njaa wala kwa adui, bali kwa nyama iliyo karibu na katazo lililo baina yao na nyama hiyo. Na lengo la mtihani limetajwa: kumcha Allah mahali ambapo macho ya watu hayafiki.

Kisha tazama Suratul Aaraf aya ya 163, habari za watu wa kijiji cha pwani waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki wao walikuwa wakijitokeza juu ya maji siku ya Sabato, na siku zisizo za Sabato hawaji. Wafasiri wanasimulia kwamba wale watu wakatega nyavu zao kabla ya siku ile na wakazikusanya baada yake, wakasema hawakuvua siku ya Sabato. Ni mbinu nzuri sana ukiitazama kwa akili ya mvuvi, na iliwaangamiza.

Samaki wa wale walikuja siku iliyokatazwa. Pongo wetu anakuja saa iliyokatazwa. Mtegaji wa nyaya, anayetega alasiri na kuchukua alfajiri, akisema kwamba yeye hakuwinda usiku kwa kuwa usiku alikuwa kitandani, ameufuata ule mfano hatua kwa hatua.

Atasema mtu: Ustadhi, Sabato ilikatazwa na Allah, usiku umekatazwa na Bunge. Huwezi kuvilinganisha. Ni hoja ya haki na inastahiki jibu. Naam, havilingani kwa daraja. Lakini Qur'an 4:59 imetuamrisha kuwatii wenye mamlaka katika lisilo maasia, na sheria hii haimwamrishi Muislamu kufanya dhambi yoyote. Kinyume chake, inakataza mambo ambayo nusu yake dini ilikwishayakataza, na nusu iliyobaki inaendana na yale mafundisho ya wema na yakini. Tena wazo la kuhifadhi eneo na wanyama wake si geni kwetu. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu lisilowindwa, na Abu Huraira (r.a.) alikuwa akisema kwamba lau angewaona paa wakila majani ndani ya Madina asingewashtua. Bukhari amepokea pia kwamba Mtume (s.a.w.) aliyahifadhi malisho ya Naqii, na Umar (r.a.) akayahifadhi ya Sharaf na Rabadha kwa maslahi ya umma.

Njaa, shamba na dhulma

Nimewahi kuyasema haya mbele ya watu wazima katika darsa, na pingamizi zikaja tatu. Nitazitaja zote, maana hoja isiyojibiwa huendelea kufanya kazi chinichini.

Ya kwanza ni njaa. Mwenye njaa ya kweli hana ubishi nasi. Aya ileile ya 3 inayotaja nyamafu imemalizia kwa kumsamehe aliyelazimika bila kukusudia maasi. Umar (r.a.) hakumkata mkono mwizi katika mwaka wa ukame. Lakini dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa anakula. Hapakii magunia manne kwenye pikipiki kuyapeleka mjini.

Ya pili ni shamba. Mkulima wa maharage au njegere pembezoni mwa msitu wa Rungwe anaamka na kukuta mistari mitano imeliwa. Mnyama amekuja usiku, atalindwaje mchana? Huyu naye ana haki, na sheria ya nchi inatambua kulinda maisha na mali, kwa kutaka taarifa ipelekwe kwenye mamlaka. Lakini kulinda kuna mpaka, nao ni mpaka wa shamba. Anayemfukuza mnyama kwa moto, debe na kelele amelinda. Anayemfuata kilometa tatu msituni kwa tochi huyo ameacha kulinda na ameanza kuwinda, na shamba limegeuzwa kuwa kisingizio.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo ni dhulma. Watu husema: mgeni mwenye dola anakuja na leseni, anapiga dume la tandala anachukua pembe, anaitwa mtalii. Mwanakijiji aliyezaliwa hapo akikutwa na kipande cha mguu anaitwa jangili, anafungwa. Katika Usangu watu waliondolewa na mifugo yao mwaka 2006 na 2007, na baadaye mipaka ya hifadhi ikaleta mgogoro wa miaka mingi katika vijiji vya Mbarali. Je, watu hawa waheshimu sheria ya nani?

Siwezi kulipuuza lalamiko hili, na dini yetu haikulipuuza. Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kusimamia malisho yale ya hifadhi, alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na aizuie mifugo ya matajiri kama Ibn Auf na Ibn Affan, kwa sababu hao mifugo yao ikifa wana mashamba ya kurudia. Yaani hifadhi ya Kiislamu ilikuwa na mlango, na mlango ule ulifunguliwa kwa maskini kabla ya tajiri. Hilo ndilo la kuwakumbusha wenye mamlaka, na zile jumuiya za hifadhi za vijiji, kama MBOMIPA iliyoundwa na vijiji vya Idodi na Pawaga, zinapaswa kupimwa kwa mizani hiyo: mapato yanamfikia mwenye kondoo wachache, au yanaishia kwa wachache?

Lakini dhulma huondolewa kwa kudai haki mchana. Haiondolewi kwa kuiba usiku. Na anayelipia gharama ya tochi ya usiku si yule mtalii wala waziri. Ni mtoto wa kijiji hichohicho, ambaye akikua atakuta msitu umebaki na nyaya tupu.

Meza zetu za mjini

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo tunapoingia sisi. Tujiulize nyama ile inakwenda wapi. Familia ya mwindaji hula kidogo, na iliyobaki hufuata fedha. Inakuja Iringa mjini, inakuja Mbeya mjini, ikiwa kwenye ndoo iliyofunikwa matambara au mfuko wa rambo chini ya mkaa. Inagonga mlango wa nyuma baada ya Isha. Mwenye nyumba hahitaji kuuliza sana. Bei ni nafuu, na mfungo unakaribia. Inakatwa, inaingia kwenye friji, na siku ya kwanza ya Ramadhani tunafuturu kwa mchuzi wake huku tukisoma dua.

Bila mnunuzi, dume lile lingelala salama. Tochi inashikwa na mtu wa kijijini, lakini betri zake tunazinunua sisi.

Wapo wanaojitetea kwa hadithi ya Bi Aisha (r.a.) iliyo katika Bukhari. Watu walimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba wanaletewa nyama na watu waliosilimu karibuni na hawajui kama walilitaja jina la Allah, naye akawaambia walitaje wao kisha wale. Hadithi ni sahihi, lakini tusiibebeshe mzigo isioubeba. Nyama ile ililetwa hadharani na watu waliojulikana kuwa ni Waislamu, na shaka ilikuwa juu ya jambo moja tu, nalo ni kutaja jina. Hapo Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwadhania watu kheri. Huyu wa mlango wa nyuma hasemi ni mnyama gani, hasemi amekufa vipi, hasemi amemtoa wapi, na ukimuuliza kwa sauti anakuziba mdomo. Wala haijulikani kama ni pongo au ni nguruwe pori aliyekwisha kuchunwa na kukatwakatwa. Kuficha kwake ndiko ushahidi. Hapa hadithi inayotuhusu ni ya Nuuman bin Bashir (r.a.), kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye shaka, na mwenye kuyaepuka ameitakasa dini yake na heshima yake. Na heshima kweli itahitajika, kwani sheria inamwita mwenye nyama ile ndani ya friji kuwa amekutwa na nyara za serikali, hata kama hajawahi kuingia porini maishani mwake.

Anayetamani nyamapori ana njia. Serikali iliweka mwaka 2020 kanuni za kuuza nyamapori kwenye mabucha yaliyosajiliwa. Hapo napo Muislamu asiache akili nje ya mlango. Kibali kinamwambia kwamba mnyama hakuibiwa. Hakimwambii nani alimpiga na kama jina la Allah lilitajwa. Aulize. Muuzaji wa mchana anaweza kuulizwa, na hiyo ndiyo tofauti yake ya kwanza na yule wa usiku.

Mbinu ya asiyejificha

Kijana ataniuliza: basi huyu dume la usiku haliwindwi kabisa? Linawindwa, kwa mwenye leseni, katika eneo na msimu ulioruhusiwa. Mzee mmoja wa upande wa Pawaga, aliyewahi kuwa mwindaji wa leseni enzi za ujana wake, niliwahi kumwamkia na kumuuliza hilo. Alinijibu kwa ufupi kwamba mnyama wa usiku hana budi kwenda kulala, na hana budi kuamka. Mwindaji anayejua kazi haendi alipo mnyama usiku. Anakwenda mchana kusoma: nyayo zinaelekea wapi, kinyesi ni cha leo au cha juzi, gome la mti limekwanguliwa kwa pembe kwa urefu gani, njia ya kutoka kichakani kwenda majini ni ipi. Kisha anakaa, upepo ukimpiga usoni na si mgongoni, katika ile nusu saa baada ya mwanga kupambazuka ambapo dume linarudi kulala limechelewa, au ile nusu saa kabla jua halijazama ambapo limetoka mapema. Anakaa leo, kesho na keshokutwa. Akiliona, analiona zima: pembe, shingo, bega. Anajua kwamba ni dume, tena limekomaa, na kwamba nyuma yake hakuna mtu.

"Na lisipotoka, mzee?" nikamuuliza.

"Lisipotoka unarudi nyumbani, mwalimu. Hukuandikiwa."

Neno hilo la mwisho lina elimu ndani yake. Subira ile ya siku tatu ni mbinu, tena ni bora kuliko tochi kwa sababu inampa mwindaji yakini. Lakini pia ni malezi. Mtu anayeweza kurudi mikono mitupu huku akijua kwamba saa mbili baadaye dume litakuwa wazi pale mtoni, na kwamba tochi iko ndani ya mfuko wake, na kwamba askari wa wanyamapori yuko mbali, mtu huyo amefaulu mtihani wa aya ya 94. Na mtihani huo haukuwekwa kwa wawindaji peke yao. Karani mwenye mhuri ofisini anabaki peke yake na faili. Mfanyabiashara yuko peke yake na mizani, na mwanafunzi na simu yake chini ya blanketi. Kila mmoja ana dume lake linalotoka usiku tu.

Kwa hiyo jibu ninalowapa vijana ni hili. Usiku si haramu, pongo si haramu, na kuwinda si haramu. Lakini nyaya na rungu vinakupa mzoga, tochi inakunyima yakini, kujificha kunakupa dhambi ya kuvunja ahadi ya kuishi pamoja chini ya sheria, na kununua kunakufanya mshirika wa yote hayo. Mwenye nyumba anayesikia mlango wa nyuma ukigongwa baada ya Isha hahitaji kumtafuta sheikh. Amwambie yule aliyegonga arudi kesho mchana, apitie mlango wa mbele, aje na kibali chake na aeleze mnyama amekufaje. Akirudi, wazungumze. Asiporudi, jibu limepatikana.

Wallahu aalam.